Mashine ya Kubebea Sauti ya Chini

Mimi nina sauti kubwa. Nilizaliwa Buyenzi, nyumba ya tatu kutoka gereji, na mtoto wa Buyenzi akitaka kuomba chumvi kwa jirani hushindana na nyundo, honi na injini zinazojaribiwa. Mama yangu alizoea kuniambia debe tupu haliachi kuvuma, nami nikimjibu kwa sauti ileile kwamba mimi si tupu. Nilipopata kazi ya ufundi katika kituo kidogo cha FM pale mjini Bujumbura, mwanamke peke yangu katika chumba cha mitambo, wenzangu walisema nimeajiriwa ili umeme ukikatika nifungue dirisha niendelee na matangazo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa na kipindi cha watu waliopoteana. Waliokimbia milima yao, maana kwetu kilima ndicho kijiji, na kuishi kwenye kambi kandokando ya mji walikuja langoni kwetu, wakakaa kwenye benchi, wakaitwa mmoja mmoja kurekodiwa kwenye kaseti: jina langu, kilima changu, ninayemtafuta. Mimi ndiye niliyekuwa nikirekodi. Nilikuwa na haraka, maana benchi lilikuwa refu na kaseti zilikuwa chache.

Siku moja akaingia mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge kilichofuliwa mpaka maua yake yakafifia. Alikuwa anamtafuta mwanawe wa mwisho. Walipoteana usiku kilima chao kiliposhambuliwa, kijana akiwa na miaka kumi na minne. Sasa angekuwa mwanamume mzima. Alikuwa amesikia kwamba yu hai, huko milimani upande wa kusini, analima mashamba ya watu, anahamahama na hasemi jina lake kwa mtu. Mama akakaa mbele ya maikrofoni, akaweka kiganja karibu na mdomo, akazungumza.

Mshale wa kupimia sauti haukusogea. Niliugonga kwa kidole nikidhani umekwama. Kisha nikasema, kwa Kirundi changu cha Buyenzi, kilichochanganyika na Kiswahili, "Mama, sema kwa nguvu!" Akanyamaza kabisa. Alipoanza tena, alikuwa chini zaidi ya mwanzo.

Nikamwambia basi, ujumbe wake atausoma mtangazaji wetu, ana sauti nzuri. Akakataa kwa adabu, akiangalia magoti yake. Alisema wakati wa vita jina la mtu likisomwa redioni na mgeni, mwenye jina anajificha. Kuna walioitwa hivyo wakatoka, na hawakurudi. Mwanawe hatatoka kwa sauti ya mtu mwingine yeyote.

"Basi paza, mama! Paza kidogo tu!" Hapo nilikuwa nimeshapandisha mori.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Alinieleza pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito, kwamba kwao mwanamke wa heshima hupaza sauti kwa jambo moja tu, kupiga induru, na induru hupigwa nyumba inapovamiwa. Mwanawe anamjua. Akimsikia anapaza sauti atajua mama amekamatwa na anasemeshwa kwa nguvu, naye atakimbilia mbali zaidi. Niliona aibu. Nikatoka nje nikisingizia kwamba naenda kuangalia fyuzi.

Tulimrusha hewani Jumamosi mbili. Mara ya pili niliteremka hadi langoni kusikiliza kwenye redio ndogo ya mlinzi, ile aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Wimbo ulipita vizuri. Tangazo la sabuni likapita vizuri. Ilipofika zamu ya mama, redio ikabaki inachemka kama sufuria. Mlinzi aliipiga kofi, akasema mawe yamekwisha, maana sisi betri tunaziita mawe, akayatoa na kuyaanika juani yapate nguvu. Mama alikuwa amepita hewani, na mlinzi aliyekaa hatua ishirini kutoka studio hakujua kwamba kuna mtu amesema.

Tulichokosa kilijulikana. Vituo vyenye uwezo huweka prosesa ya sauti katikati ya studio na mtambo wa kurushia. Kazi yake ni kama ya mama anayegawa chakula kwenye sinia moja: mwenye pupa anamrudisha mkono, mnyonge anamsogezea. Sisi hatukuwa nayo. Waimbaji walikula, wakimbizi wakalala njaa. Mpya hatukuthubutu hata kuuliza bei. Mkurugenzi wetu, mwalimu wa zamani ambaye bado alivaa kalamu mbili mfukoni, alikuwa amepata pesa za kununua moja iliyokwisha kutumika, na hapakuwa na nafasi ya kukosea. Alisema Jumamosi zile za ukimya zinawafukuza wasikilizaji. Ikiwa mashine haitatusaidia, kuanzia mwezi unaofuata ujumbe wote utasomwa na mtangazaji. Nilijua maana yake kwa yule mama: kijana wake hatatoka.

Tukasikia kwamba kule Kinindo kuna mgeni wa shirika la misaada anayefunga mradi na kurudi kwao, na anauza vitu. Tulikwenda mimi na mkurugenzi. Nyumba ilikuwa na bustani, na prosesa ilikuwa juu ya meza, bado ina karatasi ya plastiki usoni. Taa zake ndogo zilipanda na kushuka, kijani, njano, nyekundu. Mkurugenzi alikuwa amekuja na diski ya muziki. Tukaipiga. Wallahi, nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Mkurugenzi alitikisa bega, mwalimu yule, kidogo acheze. Mimi nikashika maikrofoni nikasema "moja, mbili, tatu", na sauti yangu ikatoka imenyooka kama ya waziri. Bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Tukatoa neno kwamba kesho tunaleta pesa.

Jioni ileile nilipitia gereji ya mjomba wangu kujisifu. Mjomba ni fundi magari, na nusu ya ufundi wangu nilianza kuupata nikimshikia taa chini ya magari. Alinisikiliza huku anakaza nati.

"Mulijaribu na nini?" akauliza.

"Na muziki. Kisha na sauti yangu."

Akaweka spana chini apate kucheka vizuri. "Sauti yako we? Ile hata bila redio inavuka ziwa inafika Uvira!" Alipomaliza kucheka akajifuta mikono. "Sikia, mutoto wangu. Gari ya kupandisha mulima wa Bugarama, mutu anaijaribu kwa kuteremusha? Unaipakia muzigo wake, unaipeleka kwa mulima wake. Sasa niambie, muzigo wenu ni gani?"

Mzigo wetu ulikuwa mama mmoja aliyesemea kiganjani, na mimi sikumpeleka Kinindo. Niliijaribu mashine kwa sauti ambayo haikuhitaji msaada wa mashine yoyote.

Asubuhi tulirudi Kinindo watatu, mjomba akiwa amevaa shati lake la Ijumaa, na kaseti ya mama ikiwa kwenye mkoba wangu. Nikaiunganisha, nikabonyeza. Kimya. Wala si kule kuchemka kwa redio ya mlinzi. Kilikuwa kimya safi, kama sahani iliyooshwa. Baada ya muda ikaruka silabi moja, mwisho wa jina la kilima, kisha kimya tena. Yule mgeni akatueleza kwa Kifaransa, kwa fahari kabisa, kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa: ina mlango ndani yake, sauti ikiwa ndogo sana mashine inajua kwamba ni kelele tu za chumba, na inafunga. Alikuwa mtu mwema, simlaumu. Nikataka kuufungua mlango ule. Mashine ikaniomba namba ya siri. Aliyeiweka alikuwa fundi mmoja aliyekwisha kurudi nchini kwake zamani, na hakuna aliyejua amepeleka wapi namba yake. Nilijaribu sifuri zote, nikajaribu moja mbili tatu nne, nikajaribu upuuzi mwingine, na kila mara ikanijibu kwa taa nyekundu.

"Yule ni mama ya mutu!" niliipigia kelele ile mashine. "Haiko upepo!"

Mgeni hakujua Kiswahili lakini alirudi nyuma hatua mbili. Mkurugenzi akanishika mkono. Njiani alikuwa mnyonge. Alisema tu, "Lakini ilikuwa inang'aa." Nilimjibu vibaya, na nilimwomba radhi tulipofika daraja la pili.

Mjomba hakutupeleka kituoni. Alitupeleka Buyenzi, kwa mfanyabiashara mmoja wa vipuri ambaye alinunua chochote kilichovuka mpaka, mradi kina waya. Mwenye duka, mzee wa kofia nyeupe, alifikiri kidogo, akasema kuna kitu cha redio kilitoka kituo kimoja cha ng'ambo ya ziwa kilichofungwa, kiko chini ya rafu ya mwisho, nyuma ya giaboksi.

"Mutaka cha muvunguni sharti ainame, dada," akaniambia.

Nikainama, na sketi yangu nzuri. Nilivuta sanduku la chuma la kijivu, zito, lenye vumbi la kuandikia jina. Kitufe kimoja cha kuzungusha kilikuwa kimepotea, kikabaki kijiti. Halikuwa na namba ya siri kwa sababu halikuwa na akili ya kuweka siri: vitufe vitano, mshale mmoja, basi. Mjomba aliangalia skrubu kabla ya kitu kingine. Vichwa vyake havikuwa na makovu, kwa hiyo halijafunguliwa na mafundi wachinjaji. Mimi nikanusa matundu ya nyuma. Vumbi, ndiyo, kuungua, hapana. Tukaliwasha, likanguruma.

"Hiyo iko kawaida yake," mzee akasema upesi.

"Mutu akikohoa kila siku haiko kawaida," mjomba akamjibu. "Iko mugonjwa."

Tukalifungua palepale juu ya pipa. Kondensa mbili za upande wa umeme zilikuwa zimevimba vichwa. Nilizing'oa, nikatafuta za kufanana nazo kwenye amplifaya mbovu iliyokuwa ikiuzwa kwa kilo, nikachomelea. Mngurumo ukapungua. Haukwisha. Mzee akaanza kutaja bei na mjomba akaanza kucheka bei, na wakati wanashindana mimi nikaweka kaseti.

Mshale ulilala. Ukaendelea kulala. Kisha, pole pole, kama mtu anayenyanyuliwa kwa kushikwa makwapa, mama akapanda. Alikuja na kila kitu kilichokuwa naye chumbani: mlio wa kiti, mvua juu ya bati ambayo sikumbuki kwamba ilinyesha, pumzi zake katikati ya maneno. Na maneno yenyewe, moja moja, hata jina la kilima lote. Alikuwa bado anasema kwa upole. Hakupaza. Alikuwa amesogezwa karibu tu.

Mzee wa duka aliacha bei hewani. "Subhanallah," akasema. "Mama ya nani huyu?"

Mjomba hakukubali kununua bado; mulima ulikuwa bado. Aliacha sanduku lake la zana dukani kama amana, na kwa kuwa fundi wa Buyenzi bila zana zake ni mtu bila mikono, mzee hakudai karatasi. Ijumaa asubuhi nikaifunga mashine kituoni. Tukapatana na mkurugenzi kwamba aweke kaseti ya mama hewani na airudie, asiache, mpaka tutakaporudi. Kisha mimi na mjomba tukapanda gari lake na redio ya mlinzi, ile ya mpira wa baiskeli, na mawe yake yaleyale yaliyoanikwa.

Tulipanda barabara ya milimani hadi kwenye kizuizi cha wanajeshi, ambapo magari ya mjini yalikuwa yakigeuzwa. Mjomba akaegesha kando. Nikatoa redio dirishani, nikavuta antena, nikaomba Mungu. Mama alikuwepo. Alikuwa mwembamba, na mngurumo ule uliobaki ulimfuata kwa nyuma, lakini nilielewa kila neno. Mwanajeshi mmoja akaja kuuliza tunafanya nini. Akasikia. Akainamisha kichwa dirishani na bunduki yake begani, kisha akageuka akawaambia wenzake wateremshe sauti.

Tuliporudi, zilikuwa zimepita karibu saa mbili. Mkurugenzi alikuwa amekaa mbele ya kaseti ametoa macho. "Nimekisikia kile kilima mpaka nimekuwa raia wake," akasema. Tukainunua. Mjomba akachukua zana zake.

Sitasema kwamba kila mtu alifurahi. Wapenzi wa muziki walilalamika kwamba ngoma zimekuwa bapa. Mwenye tangazo la sabuni alisema redio yetu inapumua kama mtu mwenye mafua, na alikuwa sahihi: mtangazaji akinyamaza, mashine ilimfuata mpaka kwenye mapafu. Nilijibu kila mmoja kwa sauti yangu yote. Mkurugenzi hakusema neno la kunipinga, na jambo la kusoma ujumbe likasahauliwa.

Jumamosi ya kwanza ikapita. Na ya pili. Mama alikuja kila mara kukaa kwenye benchi, asiulize chochote, na hilo lilinichoma kuliko kama angeuliza. Watu wengine walipata majibu. Dada wawili walipatana. Babu mmoja akapata habari ya mjukuu. Yeye hakupata. Nilianza kufikiri kwamba huenda kijana wake ameshakufa na mimi nimemnunulia mama mashine ya kusemea na marehemu. Nilimwambia mjomba. Akasema nisimuzike mutu wa wenyewe.

Wiki ya tatu, siku ya kazi tu, mlinzi akaniita langoni. Alisimama pale mwanamume mwenye mikono ya jembe, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, na mguu mmoja bado uko nje ya lango. Hakutaja jina. Aliuliza, kwa Kirundi, yule mama tunayemrusha tulimrekodi lini. Nikamwambia. Akauliza alirekodiwa wapi. Nikamwonyesha dirisha. Akauliza nani alikuwa naye chumbani.

"Mimi tu," nikasema. "Na nilimpigia kelele aseme kwa nguvu. Mara mbili."

Akaniangalia sana. "Lakini yeye hakupaza."

"Hapana. Alikataa."

Akaingiza mguu wa pili. Akakaa kwenye benchi, akavua kofia, akaiweka juu ya magoti. Alinieleza kwamba alimsikia Ijumaa moja sokoni, kwenye redio ya muuza chumvi. Aliondoka haraka. Akarudi, akamkuta bado anasema. Akaondoka tena, akarudi tena. Kila mara alikuwa akisikiliza kama kuna woga ndani ya sauti, na kila mara hakuukuta. Alitembea wiki mbili na nusu, akilala kwa watu, kuja kuuliza maswali yake matatu.

Mjomba alikwenda kambini na gari kumleta mama. Habari hazifichiki kituoni. Gari lilipoingia uani wafanyakazi wote walikuwa wametoka. Mtangazaji mwenye sauti nzuri akaja mbio na kinasa sauti begani, maikrofoni imenyooshwa mbele, maana hiki kilikuwa kitu cha kurushwa nchi nzima. Nilimshika mkono. Nikachomoa waya wa maikrofoni na kuutia mfukoni mwangu, na aliponiuliza nina wazimu gani nilimjibu, kwa mara ya kwanza katika kazi ile, kwa kunong'ona.

Mama alishuka akatembea mpaka kwenye benchi. Kijana alisimama, mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima. Mama akamshika mikono yote miwili juu ya viwiko, akamwangalia, kisha akaanza kumwambia mambo, na akaendelea kumwambia kwa muda mrefu, na kijana akawa anaitikia kwa kichwa huku machozi yanamdondokea shatini. Mimi, fundi wa sauti wa kituo kizima, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, na sikusikia hata neno moja.